Kwa Mgeni Tu

Jina la nchi yetu haliruhusiwi kutajwa na mtu aliyeketi, na mimi huandika nimeketi kwa sababu ya mgongo. Mtaniwia radhi. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri, ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wa kutosha na wengine wa akiba. Mimi ni mkazi wa Pwajuu, mji wa pwani, na kazi yangu ni kusherehesha shughuli za serikali. Ndimi ninayeshika kipaza sauti nikasema "tusimame", watu wakasimama, kisha nikasema "tuketi", wakaketi. Watu wa mjini wameniita Kipaza hadi mke wangu naye kalisahau jina nililoolea.

Mambo haya yalianza Rais wetu aliposafiri ng'ambo. Huko, mezani, mama mmoja mtu mzima aliyekaa kando yake alimwuliza, kwa adabu tu, nchini kwenu kuna nini cha kufanya? Rais akatafuna, akafikiri, akanywa maji. Akajibu kwamba nchini kwake kuna amani. Yule mama akasema hilo ni jema, lakini mtu akishafika kwenye hiyo amani, anafanya nini, na anakula wapi? Wanasema Rais wetu alikosa usingizi safari nzima. Aliporudi, hata ngazi za ndege hajazimaliza, alitangaza kwamba tangu siku hiyo nchi itakuwa na mambo ya kufanya na mahali pa kula.

Na kweli hatukuwa navyo. Tulikuwa tunaishi tu, ovyo ovyo. Watu wa Pwajuu waliogelea wakisikia joto, walikula wakisikia njaa, na wakichoka walikaa barazani wakasengenya. Hakuna aliyesimamia. Nikikumbuka naona haya.

Basi ikaundwa Wizara ya Starehe na Wageni, yenye kurugenzi mbili: Kurugenzi ya Mambo ya Kufanya na Kurugenzi ya Mahali pa Kula. Ili kubana matumizi, zote mbili akapewa mtu mmoja, Bwana Kasembe, pamoja na magari mawili, moja la kila kurugenzi. Akitaka kwenda kula baada ya kufanya jambo, hushuka katika hili akapanda lile, na lile la kwanza humfuata nyuma tupu likiwasha taa.

Bwana Kasembe alipofika Pwajuu alisimama ufukweni akaitazama bahari kwa muda mrefu, mikono nyuma. Kisha akauliza ni nani aliyeiidhinisha. Tukatazamana. Ilibidi bahari ifungwe kwanza mpaka karatasi zake zitengenezwe, na tangu hapo kuogelea kumekuwa jambo rasmi la kufanya, mbele ya mlinzi wa serikali. Mlinzi mwenyewe hajui kuogelea, lakini ana filimbi.

Jambo la pili la kufanya lilikuwa kutazama jua linapozama. Hili lilimsumbua kidogo, kwa sababu jua la Pwajuu lina mazoea ya kuzama saa za magharibi, na ofisi ya serikali hufungwa alasiri. Wakatafuta suluhisho. Siku hizi mgeni huonyeshwa jua alasiri, likiwa bado juu, na mtumishi wa kurugenzi humweleza kwa maneno jinsi litakavyokuwa baadaye. Jambo la tatu ni Jumba la Makumbusho ya Ziara ya Waziri. Mna kiti alichokalia Waziri alipokuja kutangaza ujenzi wa jumba hilo, mna glasi aliyonywea, na katika kijisanduku cha kioo chenye taa yake mna kijiti alichochokolea meno. Mimi nimekitazama mara nyingi. Hakiishi hamu.

Sasa mahali pa kula. Palikuwa na Hoteli ya Fahari ya Umma, iliyo ghorofa tatu, ambako wahudumu huvaa glovu nyeupe. Unaketi, unaletewa orodha ya vyakula yenye jalada la ngozi, nzito mpaka uishike kwa mikono miwili. Unaagiza biriani. Mhudumu anainama kidogo na kusema biriani haipo kwa leo. Unaagiza samaki, samaki hayupo kwa leo. Unauliza kuna nini basi, unajibiwa chai ipo. Ikija, unauliza sukari, na mhudumu, kwa upole wa kweli, anakwambia sukari haipo kwa leo. Hakuna mtu wa Pwajuu aliyewahi kushiba pale, lakini hakuna aliyewahi kutukanwa, na hilo si dogo katika nchi yetu.

Sisi wenyewe tulikuwa tunakula kwa Bi Mgeni.

Nyuma ya jengo la forodha, Bi Mgeni alikuwa na banda la makuti lenye mabenchi manne na jiko la kuni. Asubuhi alipika mbaazi za nazi na mahamri. Mchana pweza wa nazi, laini, hata Mzee wa meno mawili aliyekuwa akija kila siku hakupata taabu naye. Jioni urojo, na kachori, na chatne ya embe ya kukufanya usahau anayekudai. Aliitwa Mgeni kwa kuwa alizaliwa siku nyumba yao imejaa wageni wa harusi, na bibi yake akasema huyu naye kaja harusini. Juu ya mlango pale bandani palikuwa na kibao kilichoandikwa KWA MGENI. Alikiandika marehemu mumewe, Mbwana, kwa rangi ya boti, na herufi ya G ilimtoka kinyume. Bi Mgeni alimcheka wiki nzima, na Mbwana alipokufa akakataa katakata kibao kile kirekebishwe au kupakwa rangi upya.

Lakini Bwana Kasembe alitoka makao makuu, mbali na bahari ya aina yoyote, na huko kwao hakuna mwanamke aitwaye Mgeni. Siku aliyopita nyuma ya forodha na kukiona kile kibao, machozi yalimlenga. Kumbe wananchi, bila kusukumwa, walikwisha kujenga mahali pa kula kwa ajili ya mgeni. Akashuka gari la Mambo ya Kufanya, akapanda la Mahali pa Kula, likamsogeza hatua chache hadi mlangoni. Akachungulia. Ndani akawakuta wachukuzi wa bandarini, makarani wa mahakama, Mwalimu Shomari wa shule ya msingi na mimi, wote tunakula.

Akamsimamia mchukuzi mmoja ambaye mkono wake ulikuwa bado bakulini.

"Wewe ni mgeni?"

"Mie? Mie wa hapa hapa, bwana mkubwa. Mgeni katoka."

"Katoka nchi gani?"

"Katoka kununua nazi."

Bwana Kasembe akamgeukia msaidizi wake amwandikie: mwekezaji kutoka nje, biashara ya nazi. Kisha akatuhutubia. Alisema kwamba wenyeji tuna uroho wa kutisha, kwamba tumeandikiwa waziwazi kuwa hapa ni kwa mgeni, na bado tunaingia na kula chakula cha mgeni, mgeni mwenyewe akiwa ametoka. Akataka tutoke mara moja. Tukatoka. Nami nilitoka na hamri mkononi, na mpaka leo najilaumu kwamba nililiacha lile la pili.

Ikafungwa kamba mbele ya banda, akawekwa mlinzi mwenye kofia, na amri yake ilikuwa moja: amwulize kila anayekuja kama ni mgeni, na asiye mgeni asipite. Bi Mgeni akarudi na kapu lake la nazi kichwani, jasho linamtoka. Mlinzi akamzuia. Akasema jamani, mimi ndiye Mgeni. Bwana Kasembe akamtazama kuanzia kanga hadi kandambili, akamwuliza pasipoti yake iko wapi.

Wiki iliyofuata Bi Mgeni alinijia nyumbani. Akaniambia wewe Kipaza ndiye unayesikilizana na hawa watu, hebu twende ukawaeleze. Nikaenda naye ofisini. Nilieleza vizuri, kwa mifano, kwamba huyu mama jina lake ndilo hilo, na kwamba kwa lugha yetu "kwa Mgeni" ni kama "kwa Mbwana" au "kwa Kasembe". Bwana Kasembe alielewa papo hapo. Msimdharau, ana shahada. Lakini Mwongozo wa Pwajuu, kitabu cha wageni chenye banda lile ndani, ulikwisha kuchapishwa, na Rais alikwisha kuusoma ukurasa wa Mahali pa Kula kwa sauti mbele ya Baraza la Mawaziri, tena nakala moja alikwisha kumpelekea yule mama wa ng'ambo. Kosa lililosomwa na Rais, alitufafanulia, halibaki kosa. Linakuwa sera.

Akampa Bi Mgeni njia mbili. Ya kwanza, ahame nchi, akae huko kipindi kinachostahili, kisha arudi akiwa mgeni halali, na atapokewa kwa ngoma. Ya pili, abadili jina ajiite Mwenyeji, kisha aombe kazi ya kufagia katika banda lile lile, maana wafagiaji ni lazima wawe wenyeji.

"Jina nimepewa na bibi yangu," Bi Mgeni alisema, "na kibao nimeandikiwa na mume wangu. Wewe umenipa nini?"

Akatoka. Mimi nikabaki kidogo kuomba radhi kwa niaba yake, kama ilivyo desturi, na huku moyoni naungua.

Tangu siku hiyo Bi Mgeni akawa anakaa juu ya kreti la soda, ng'ambo ya barabara, akilitazama banda lake. Kutwa nzima. Alikuwa anautazama moshi wa jiko lake mwenyewe ukitoka na ananusa, na kwa kunusa tu aliweza kukuambia kimeungua nini. Kwa maana serikali ilileta mpishi wake, mtu aliyewapikia wafungwa kwa sifa kubwa. Huyo alichemsha pweza kuanzia alfajiri bila nazi wala ndimu, akawa mgumu mpaka mlinzi, aliyekuwa na haki ya kula mabaki, alikiomba kipande kimoja apigie soli ya kiatu. Mbaazi alizipika na magadi tu. Bi Mgeni alilia mara moja, siku aliyoona urojo unamwagwa mtaroni. Alisema hakulilia urojo, alililia embe zilizomo ndani yake.

Na mji ukakonda. Mwalimu Shomari alishindwa kuvumilia. Akavaa kofia pana ya ukindu, akajipaka unga usoni, akaning'iniza kamera mbovu shingoni, akaja pale kwenye kamba akizungumza kwa puani. Mlinzi akampigia saluti. Akaketishwa, akaletewa urojo wa serikali, akaonja, na hapo hapo akasahau. Akauliza mbona haukutiwa ukwaju? Hakuna mtalii duniani anayeuliza swali hilo. Alitolewa nje na kofia yake ikabaki ndani kama kidhibiti.

Wageni wa kweli walikuja wawili, mtu na mkewe, wameshika Mwongozo. Waliogelea mbele ya filimbi, wakaelezwa machweo, wakakitazama kijiti cha meno. Wakapelekwa bandani, wakamtafuna pweza kwa zamu. Kisha wakamwuliza Bwana Kasembe swali lililomshangaza sana: wenyeji wanakula wapi, maana wangependa kula huko. Bwana Kasembe akawajibu kwa fahari kwamba wenyeji wa nchi hii, kwa heshima ya wageni, hawali. Waliondoka na basi la mchana.

Pamoja na hayo, banda ilikuwa lazima lizinduliwe. Akaalikwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Lugendo Msafara, yule wa kijiti. Yakaja maturubai, likaja zulia jekundu, bendi ya polisi ikaja, nami nikapewa ratiba. Kwa kawaida ratiba zetu husema "mgeni rasmi". Lakini Bwana Kasembe alikuwa amelifuta neno "rasmi" kila mahali kwa mkono wake, akisema Waziri ni mkubwa kuliko rasmi. Likabaki neno moja, kwa herufi kubwa.

Asubuhi ya siku ile nilifanya mazoezi pale pale penye zulia, kama nifanyavyo siku zote, kwa sauti. MGENI kuwasili, wote kusimama. MGENI kukata utepe. MGENI kusema machache. Bi Mgeni alikuwa kwenye kreti lake ng'ambo ya barabara. Mimi sikumtazama, wala sikumwambia kitu. Nilipoinua macho nikaona kreti halina mtu. Aliporudi alikuwa amekoga, kavaa kanga mpya, na harufu ya udi ilimtangulia.

Waziri alifika, lakini hakushuka. Hakuweza. Mtu wa kumfungulia mlango wa gari alikuwa wa idara nyingine na gari lao lilikuwa nyuma kwenye msafara. Saa ya ratiba ikawa imefika. Sasa niambieni, jamani, mimi ni nani wa kuchelewesha ratiba ya serikali? Nikashika kipaza sauti, nikasoma kilichoandikwa.

"Naomba wote tusimame. Mgeni anaingia."

Mji mzima ukasimama. Bi Mgeni akavuka barabara, akakanyaga zulia. Bendi ikapiga, kwa kuwa bendi humpigia anayekanyaga zulia. Polisi wakampigia saluti kwa sababu bendi inapiga. Msichana wa mkasi akainama na mto wake, na Bi Mgeni akauchukua mkasi akakata utepe bila haraka, kama mtu anayekata uzi wa nguo yake. Mlinzi akamwuliza kama ni mgeni. Akasema ndiye. Mlinzi akatazama saluti zote zile, akafungua kamba. Bwana Kasembe alikuwa anakuja mbio kutoka kwenye gari moja, kisha akakumbuka kwamba uzinduzi ni wa kurugenzi ya pili, akarudi kubadili.

Ratiba ikasema MGENI kusema machache. Nikampelekea kipaza sauti.

"Leo pweza yupo," Bi Mgeni akasema, "ila si huyo wa kwenye sufuria. Huyo mtupieni paka, akimtaka. Nipeni muda nikune nazi."

Akajifunga kanga kiunoni, akamtoa mpishi wa serikali na sufuria yake, akaketi kwenye mbuzi ya nazi, akaanza kukuna. Watu wazima walikuwa wanafuta macho. Mimi mwenyewe nilifuta, nikasingizia moshi.

Ndipo Waziri akafunguliwa mlango. Akashuka akipunga mkono, akapita zuliani peke yake, bendi imekwisha kumaliza wimbo. Alipofika penye kamba mlinzi akamsimamisha kwa heshima.

"Samahani, mheshimiwa. Wewe ni mgeni?"

Wanahabari wote wakasogeza vinasa sauti. Na hapa lazima nieleze kwamba katiba yetu hairuhusu waziri kuwa mgeni. Waziri mmoja wa zamani alifukuzwa kwa uvumi tu kwamba bibi yake mzaa baba alivuka mto kuolewa. Mheshimiwa Lugendo Msafara akatoa jasho, akakohoa, akasema kwa sauti kubwa kwamba yeye si mgeni hata kidogo, kwamba amezaliwa humu, baba yake kazaliwa humu, na babu yake ndiye aliyezika kitovu cha nchi hii. Mlinzi akamshukuru. Akamwambia basi amwie radhi, hapa ni kwa mgeni tu, ndivyo Mkurugenzi alivyoagiza.

Mle ndani Bi Mgeni akaendelea kukuna nazi. Waziri akamtazama Bwana Kasembe, na Bwana Kasembe akatazama viatu vyake. Kulikuwa na sentensi moja tu ya kumwingiza Waziri ndani, na yeye aliijua tangu siku ile ofisini. Akaisema, lakini kwa kunong'ona. Nami, kwa heshima zote, nikamsogezea kipaza sauti mdomoni, akawa hana budi kurudia.

"Mgeni ni jina la mtu."

Spika zikaifikisha sentensi hiyo hadi forodhani na ng'ambo ya pili. Mlinzi akasikia. Si mtu mbaya, alikuwa anasubiri kuambiwa tu. Kama Mgeni ni jina la mtu, akasema, basi kamba hii ya nini? Akaikunja, akaitia mfukoni. Wachukuzi waliingia, makarani wakaingia, Mwalimu Shomari akaenda moja kwa moja kuchukua kofia yake. Waziri alijaribu kupita mbele, lakini Bi Mgeni, bila kuinua macho kutoka kwenye nazi, akamwambia panga foleni, baba, maana walio mbele yako wana njaa ya siku nyingi.

Akapanga. Foleni ikasogea polepole kwa kuwa kila mtu aliomba kuongezewa. Yule Mzee wa meno mawili aliongezewa hadi akashikiliwa kusimama. Mwisho zamu ya Waziri ikafika, naye ameshalegeza tai, mate yanamjaa. Akauliza pweza. Bi Mgeni akasema pweza kwisha. Akauliza mbaazi, akaambiwa mbaazi hazipo kwa leo. Akauliza kuna nini basi.

"Chai ipo."

Akasema sawa, apewe chai, atiliwe sukari. Kopo la sukari lilikuwa pale pale kando ya kiwiko cha Bi Mgeni, limefunuliwa, nzi wanalizunguka, na kila mtu bandani alikuwa analiona.

"Sukari haipo kwa leo," Bi Mgeni akasema, kwa upole wa kweli.

Waziri alitazama nyuma, akaona kamera, akaipokea chai yake. Mimi nikashika kipaza sauti, kwa maana ratiba yangu ilikuwa imebakiwa na mstari mmoja, nikasema tuketi. Tukaketi wote. Yeye akainywa amesimama, mabenchi yalikuwa yamejaa.